Wakataji watatu, bei tatu: unalipia nini hasa unapoondoa mti mkubwa bustanini

Swali: "Nyuma ya nyumba yangu kuna mti mkubwa ambao niliukuta nilipohamia. Shina lake mtu mmoja hawezi kulikumbatia, na matawi yake upande mmoja yako juu ya paa langu, upande wa pili juu ya ukuta wa jirani. Nimeita wakataji watatu. Wa pili alitaja bei mara mbili ya wa kwanza, na wa tatu karibu mara nne. Mti ni uleule! Nani mkweli kati yao? Kisiki kila mmoja alikizungumzia kivyake. Na kwa nini magogo yenyewe yasilipie kazi, wakati mbao ni mali?"

Jibu: Inawezekana kabisa kwamba wote watatu ni wakweli. Mti ni mmoja, ila kila mmoja alikadiria kazi yake. Wa kwanza huenda aliona kukata na kuondoka. Wa pili aliona kukata na kubeba. Wa tatu akaona kukata, kubeba, kusaga kisiki, bima, na siku ya pili endapo ya kwanza haitatosha. Kila mmoja akakutajia jumla bila mchanganuo, nawe ukazilinganisha kama bei za kitu kimoja.

Jambo linalowashangaza wenye nyumba wengi ni kwamba katika gharama za kuondoa mti mkubwa, kukata kwenyewe ndiko kunakokula fedha kidogo. Msumeno wa mnyororo ulionolewa vizuri hupita kwenye shina nene kwa dakika chache tu. Unacholipia ni kila kipande kufika chini pale kinapotakiwa kufika, kisha kutoka kiwanjani bila kuvunja kitu njiani. Ndiyo maana mkataji anayeijua kazi hutumia muda mwingi akiangalia chini kuliko juu. Anataka kujua matawi yamefunika nini, lango lina upana gani, lori litasimama wapi, ardhi ni tepetepe au imeshikana. Kama yule wa bei ya chini hakutembea hata kuuzunguka mti, ile haikuwa bei, ilikuwa ni kubahatisha.

Hebu tuchukue mti wa mita 20 uliosimama peke yake uwandani. Mtu mmoja mwenye ujuzi anachanja pengo upande anaotaka uangukie, anakata kutoka nyuma, na mti unalala. Kazi ya asubuhi moja, iliyobaki ni kupunguza matawi na kukata magogo. Ila ili kuuangusha hivyo kwa usalama unahitaji uwanja. Kanuni wanayofuata wakataji ni kwamba asiyehusika na kazi akae mbali kwa angalau mara mbili ya urefu wa mti, kwa sababu matawi yanayovunjika hurushwa mbele, na mti unaweza kugonga kitu na kukisukuma. Kwa mti wa mita 20 hiyo ni mita 40 kila upande. Ni bustani chache za nyumbani zenye nafasi hiyo, na yako, kwa maelezo yako, si mojawapo.

Urefu wa mti wako unaweza kuupima mwenyewe bila kupanda. Chukua fimbo iliyonyooka. Nyoosha mkono mbele yako na uishike fimbo wima, sehemu iliyo juu ya ngumi iwe na urefu sawa na umbali kutoka jicho lako hadi ngumi. Rudi nyuma taratibu hadi ncha ya fimbo iguse kilele cha mti na ngumi yako iwe sawa na mahali shina linapoingia ardhini. Pima umbali kutoka ulipo hadi kwenye shina: kama ardhi ni tambarare, huo ndio urefu wa mti, kwa kukadiria. Hapo uliposimama ndipo kilele kingefika mti ungeanguka upande wako. Zunguka ufanye hivyo pande zote, uone mstari huo unapita juu ya nini. Ukikuta paa, ukuta, tangi la maji, waya au chumba cha jirani, basi mti wako hautaangushwa. Utashushwa kipande kwa kipande, na hapo ndipo bei inapopanda.

Kushusha kipande kwa kipande ni kazi ya namna nyingine kabisa. Mtu anapanda na kamba na mkanda wa usalama, anaanza kutoa matawi kutoka chini kwenda juu ili apate njia, kisha anakata kilele, halafu anarudi chini na shina akilipunguza gogo baada ya gogo. Kila kipande kinachoweza kuumiza kitu hufungwa kamba kabla ya kukatwa. Kamba hiyo hupita kwenye kapi lililofungwa juu yake na kushuka hadi kwenye chombo cha msuguano kilichofungwa chini ya shina, ambako mwenzake analegeza taratibu. Haitoshi kuwa na watu wawili wanaojua kuvuta kamba. Anahitajika wa kukata, wa kuongoza kamba, wa kupokea na kuondoa vipande, na mmoja wao awe anaweza kupanda na kumshusha mwenzake akijeruhiwa juu. Hili la mwisho wateja hawaliulizi kamwe. Mimi ningeliuliza mapema kabisa, maana mtu aliyejikata na msumeno akiwa amening'inia mita 15 juu hana muda wa kusubiri gari la wagonjwa lifike ndipo atafutwe wa kumfuata.

Uzito ndio unaofanya yote haya yawe ya lazima. Zungusha tepu kwenye shina kwenye kimo cha kifua, karibu mita 1.3 kutoka ardhini, kisha gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Tuseme mzingo ni mita 2.5; kipenyo kitakuwa karibu sentimita 80. Kipande cha shina hilo chenye urefu wa mita moja tu kina ujazo wa karibu nusu ya mita ya ujazo, na kwa kuwa mti mbichi umejaa maji, kitakuwa na uzito wa kilo 400 hadi 500, kutegemea aina ya mti. Shina lenye nusu ya kipenyo hicho lina robo tu ya uzito kwa urefu uleule. Hapo utaona kwa nini mti unaoonekana mkubwa mara mbili haugharimu mara mbili. Hesabu hupaa haraka zaidi. Tena huo ni uzito wa gogo lililotulia. Gogo likidondoka mita moja kisha kamba ikalinasa kwa ghafla, nguvu inayopiga kamba, kapi na shina alilokalia mkataji huwa mara kadhaa ya uzito huo. Kwa hiyo fundi mwangalifu hukata vipande vidogo zaidi, na vipande vidogo ni saa nyingi zaidi. Bei ya chini kwa mti ulio juu ya paa mara nyingi maana yake ni kwamba mtu amepanga kukata vipande vikubwa na kuomba visipige kitu.

Wakati mwingine fundi atapendekeza kreni, au gari lenye kikapu cha kuinulia mtu. Wateja huogopa wakisikia neno kreni kwa sababu kuikodi ni ghali kwa siku. Lakini usikatae kabla ya kupigiwa hesabu zote mbili. Kreni ikiweza kusimama karibu, inanyanyua robo nzima ya mti juu ya nyumba na kuiweka barabarani, na kazi ya siku tatu inaisha kwa moja. Watu wachache, kamba chache, na nyasi zako hazikanyagwi. Shida ni kwamba kreni inahitaji ardhi ngumu na njia pana, na bustani za nyuma kwa kawaida hazina vyote viwili.

Na hapo tunafika kwenye njia ya kutokea, jambo ambalo nadhani limechangia sana tofauti ya bei zako. Ulisema mti uko nyuma ya nyumba. Kama lori linaweza kusogea hadi mita chache kutoka kwenye shina, matawi yanaburutwa na kuingizwa moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga matawi. Kama njia pekee ni ujia mwembamba kando ya ukuta, kila tawi litakatwakatwa hadi litoshe kubebwa, na kila gogo litasukumwa kwa toroli au kubebwa begani. Mti mkubwa hutoa matawi mengi kiasi ambacho mwenye nyumba hawezi kukiwazia hadi ayaone chini. Kichwa cha mti kilichokuwa kimetandazwa angani kinapolala hujaza ua mzima kufikia kimo cha mtu. Nimeona kazi ambapo kukata kulimalizika kabla ya mchana na kubeba kukaendelea hadi siku iliyofuata jioni. Pima upana wa lango na ujia wako sasa hivi, uandike. Kila mkataji utakayemwita mpe vipimo hivyo.

Mti ulio hai na wenye afya ni rahisi kuondoa kuliko uliokufa. Wengi hufikiri kinyume: "Umeshakauka, utakuwa mwepesi, tusubiri." Ni kweli maji yamepungua, lakini mti mkavu hauaminiki. Mpandaji hufunga kamba yake ya uhai kwenye matawi ya mti huohuo anaoukata. Tawi lililokufa miaka miwili linaweza kuvunjika bila kulia, na shina lililoliwa na kuvu au mchwa linaweza kuvunjika mahali ambapo hakuna aliyepagusa. Fundi anayejali maisha yake atakataa kuupanda na kudai kikapu cha kuinulia, na kikapu kikikosa njia ya kufika, kazi inakuwa ngumu kwelikweli. Kwa hiyo kama mti unaonyesha dalili za kufa na umeshaamua kuuondoa, kila msimu unaosubiri unaongeza bei.

Dalili za kuangalia ni hizi. Uyoga mgumu ulioota kama rafu chini ya shina au kwenye mizizi huashiria kwamba ndani kunaoza, hata kama majani juu ni ya kijani. Mpasuko pale mashina mawili yanapokutana kwa umbo la herufi V ni mbaya zaidi kuliko pale yanapokutana kwa umbo la U. Kuegemea peke yake si dalili: mti ulioegemea tangu ujana, kisha kilele chake kikajinyoosha kuelekea juu, umeshajizoesha. Unaopaswa kukunyima usingizi ni ule uliokuwa wima mwaka jana na sasa umeinama, hasa ardhi ikiwa imepasuka au kuinuka upande wa nyuma ya mwinamo. Huo usisubiri bei tatu. Ondoa watu chini yake na uite mtu siku hiyohiyo.

Kama kuna waya wa umeme unaopita kwenye matawi au karibu nayo, kazi hiyo huanza na shirika linalosambaza umeme. Litazima, litafunika au litakata lenyewe upande wa waya. Kanuni nyingi humtaka asiye fundi wa umeme asisogeze mwili wala kifaa ndani ya mita 3 za waya, na umbali huo huongezeka kwa waya za msongo mkubwa. Mti mbichi hupitisha umeme, na kamba iliyolowa vilevile. Mkataji akikuambia "huo waya tutaukwepa tu", mshukuru na umsindikize langoni.

Sasa kisiki. Neno "kuondoa mti" kwa wakataji wengi linaishia kwenye usawa wa ardhi. Kisiki ni kazi ya pili, yenye mashine yake na bei yake, na naamini hapo ndipo mmoja wa watatu wako alipoongeza na mwingine akanyamaza. Una njia tatu. Ya kwanza ni kukiacha. Kitaoza kwa miaka kadhaa, kutegemea aina ya mti na unyevu wa ardhi, na kama hutajenga wala kupanda hapo, hakuna ubaya. Ila uliza kwanza kama mti wako ni wa kuchipua. Mikaratusi, kwa mfano, huchipua upya kwa nguvu kutoka kisikini, wakati misonobari mingi ikikatwa imekatwa. Kwa mti unaochipua, dawa ya kuua kisiki hupakwa dakika chache tu baada ya kukata, kwenye duara la nje lililo chini ya gome, ambako ndiko uhai ulipo. Kuimwaga katikati ya kisiki baada ya wiki mbili ni kupoteza dawa. Chumvi na dizeli, ambazo kila mtu ana jirani anayezisifia, huharibu udongo kwa muda mrefu kuliko zinavyoharibu kisiki. Kukichoma moto ni hatari isiyoonekana, maana moto unaweza kufuata mizizi chini ya ardhi na kutokea mahali pengine siku nyingine.

Njia ya pili ni kukisaga. Mashine yenye gurudumu la meno hukila kisiki hadi sentimita 15 au 30 chini ya ardhi. Bei yake hufuata kipenyo cha kisiki pale chini kwenye usawa wa udongo, ambako shina hutanuka, kwa hiyo usimpe fundi kipimo cha kifuani ukadhani ni kilekile. Mashine ndogo hupita kwenye lango la sentimita 80 au 90; kubwa zinahitaji zaidi. Kabla ya meno kugusa ardhi lazima ujue mabomba ya maji, ya maji taka na nyaya za chini zinapita wapi. Kazi ikiisha utabaki na lundo la unga wa mti uliochanganyika na udongo, kubwa kuliko shimo lenyewe, na kama mkataba hausemi nani analiondoa, ni lako.

Njia ya tatu ni kung'oa kisiki na mizizi yake mikuu kwa tingatinga au kwa jembe na shoka. Inafaa pale tu unapotaka kujenga. Mizizi mingi ya mti hukaa ndani ya sentimita 60 za juu za udongo lakini husambaa mbali kupita kivuli cha matawi, kwa hiyo kung'oa huchimbua bustani nzima na huweza kuvuta ukuta au bomba. Na hapa nitoe tahadhari moja kwa nyumba zilizo kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa. Mti mkubwa hunywa maji mengi kutoka kwenye udongo huo. Ukiuondoa, udongo hulowa taratibu na kuvimba, na unaweza kuinua msingi. Hatari ni kubwa zaidi pale mti ulipokuwepo kabla ya nyumba kujengwa. Ikiwa hali yako ni hiyo na mti uko karibu na ukuta, mlipe mhandisi wa majengo kwa ushauri kabla ya kumlipa mkataji. Ni fedha kidogo ukilinganisha na kurekebisha msingi.

Kuhusu magogo kulipia kazi, nakuelewa, na kwa mti mmoja kati ya mingi sana inawezekana. Lakini mwenye kiwanda cha mbao anataka gogo refu, lililonyooka, lisilo na vifundo, na linalofikika kwa lori lenye mkono wa kunyanyulia. Mti wa bustani umekua kwenye nafasi, kwa hiyo una shina fupi na matawi manene yanayoanzia chini. Isitoshe, kwa miaka yote hiyo watu wamepigilia misumari ya kamba za nguo, bembea, taa na uzio, na mti umeimeza. Msumari mmoja ndani ya gogo huharibu msumeno wa kiwanda, ndiyo maana wengi hawagusi miti ya nyumbani kabisa. Na kumbuka kwamba ili ushuke salama juu ya paa lako, shina litakatwa vipande vya mita moja moja, ambavyo havina thamani ya mbao tena. Thamani iliyobaki ni ya kuni, na kuni hizo ni mbichi, nzito na zinahitaji kupasuliwa na kukaushwa. Mkataji akizichukua anakupunguzia kidogo, na hilo linazungumzika, ila usitegemee zaidi.

Punguzo la kweli liko kwenye kubeba. Kama una nafasi, waambie wakuachie magogo na unga wa matawi. Unga huo ukitandazwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 10 kuzunguka mimea, bila kugusa mashina yake, hushika unyevu na kuzuia magugu. Usiuchimbie ndani ya udongo, kwa sababu ukioza humo hunyang'anya mimea naitrojeni. Unaweza pia kusogeza kila kinachosogezeka kabla ya siku ya kazi: vyungu, magari, mabanda ya kuku, kamba za nguo, hata kipande cha uzio kama kinafungua njia pana zaidi. Kuondoa uzio kwa siku moja kumewahi kuokoa watu fedha kuliko kubishania bei kwa wiki nzima. Ukiwa na miti miwili, ishughulikie pamoja, maana safari ya mashine na watu hulipwa mara moja. Na chagua kipindi cha ukavu, ardhi ikiwa ngumu, na epuka wiki zinazofuata dhoruba, wakati kila mkataji ana simu ishirini na anayebisha hodi akijitembeza na msumeno begani si lazima awe mkataji.

Kitu usichopaswa kukifanya ili kuokoa fedha ni kupanda ngazi na msumeno. Ngazi hutegemezwa kwenye tawi. Tawi likipoteza uzito wa ncha yake huruka juu, na ngazi inabaki haina pa kuegemea. Matawi madogo unayoyafikia ukiwa umesimama ardhini, kwa msumeno wa mkono, ni yako. Yaliyobaki mwachie mwenye kamba.

Kabla ya kurudi kwenye bei zako, uliza mamlaka ya eneo lako kama mti huo unahitaji kibali. Katika nchi nyingi miti yenye unene fulani, ya aina fulani au iliyo katika mitaa fulani inalindwa hata ikiwa ndani ya ua wako, na faini kwa kawaida humwangukia mwenye kiwanja pamoja na mkataji. Ndege wenye viota wanaweza pia kulindwa kisheria. Jirani naye mwambie mapema. Matawi yako juu yake, vumbi litakuwa kwake, na huenda njia nzuri zaidi ya kutolea magogo inapita kwenye uwanja wake.

Na je, una hakika unataka uondoke wote? Hukusema kwa nini. Kama tatizo ni matawi juu ya paa au giza ndani ya nyumba, kupunguza matawi kwa mpango au kutoa yaliyokufa kunaweza kugharimu sehemu ndogo ya bei uliyopigiwa. Ila usikubali kukatwa kilele chote na kuachiwa nguzo. Mti uliokatwa kichwa hutoa machipukizi mengi yaliyoshikilia juu juu kwenye vidonda vinavyooza, na baada ya miaka michache una mti hatari kuliko wa mwanzo na bei ya pili ya kulipa. Namna moja ya kumpima fundi ni viatu vyake: ile miiba ya chuma ya kupandia hutumika kwenye mti unaoondolewa tu. Akija kupogoa mti unaobaki hai huku amevaa miiba, hajui au hajali.

Kwa hiyo warudie wote watatu na ukurasa uleule mmoja. Andika urefu na mzingo wa mti, upana wa njia, vilivyo chini ya matawi, na kisha maswali: mtaushusha kwa njia gani, mtakuwa wangapi, kisiki mtakiacha kwa kimo gani au mtakisaga kwa kina gani, matawi na magogo yanaenda wapi, nani analinda na kusafisha bustani, itachukua siku ngapi. Kila kipengele kiwe na bei yake, ili uweze kuondoa kisiki au ubebaji ukitaka bila kuvuruga vingine. Omba kuona hati ya bima inayolipa uharibifu kwa nyumba yako na ya jirani, na inayowagusa wafanyakazi wenyewe wakiumia. Ipigie simu kampuni ya bima uthibitishe bado ipo hai, kwa sababu karatasi ya mwaka juzi inafanana sana na ya mwaka huu. Malipo ya awali yawe madogo, na makubwa yatoke baada ya wewe kuzunguka uwanja na kuona kila kilichoandikwa kimefanyika.

Nina hisia kwamba majibu yao yakirudi, pengo la mara nne litakuwa limesinyaa sana, labda hadi chini ya mara mbili. Wa kwanza ataongeza au atajiondoa. Wa tatu huenda akapunguza ukimwambia magogo yabaki na uzio utafunguliwa. Na kama wa kwanza ataandika kazi yote, aonyeshe bima, aeleze jinsi atakavyoshusha gogo la kilo 400 kando ya paa lako, na bado awe wa bei ya chini kuliko wote, mpe kazi.